Kirefu Chake ni Kipi?

Mwezi uliopita mtoto wa kike alizaliwa katika nyumba iliyo jirani na msikiti wetu hapa Tanga, na kabla haijafika siku ya saba jina lake lilikuwa limekwisha kuzua mvutano. Wazazi wake walikuwa wameafikiana mapema, mimba ikiwa bado changa, kwamba akiwa wa kike ataitwa Muna. Bibi yake mzaa baba alipoletewa habari hiyo aliuliza kwa upole: "Muna tumelisikia. Kirefu chake ni kipi?" Akaelezwa kuwa halina kirefu, jina zima ndilo hilo. Bibi akanyamaza, na wanaomjua waliufahamu ukimya huo kuwa si wa ridhaa. Ami wa mtoto, mtu asiyekosa mzaha, akauliza, "Muna nini?", kwa kuwa wengi wetu wa pwani hutamka "muna" pale ambapo vitabu vya shule huandika "mna". Watu wakacheka. Mama wa mtoto hakucheka.

Siku ya tano, baada ya swala ya Alasiri, baba wa mtoto alitufuata katika chumba kidogo tunachowekea madaftari ya ndoa na ya michango. Alikuwa amejipatia njia ya kati: kwenye karatasi za serikali aandike Maimuna, ili mama yake aridhike, nyumbani waendelee kumwita mtoto Muna, ili mkewe aridhike. Hakuja kuuliza, alikuja kutafuta wa kumuunga mkono. "Ustadhi, hapo hapana ubaya, au vipi?" alisema, na tayari alikuwa ameshika mlango kutaka kuondoka.

Tukamwomba aketi, tukamsimulia habari ya binti mmoja aitwaye Huda.

Binti huyo alikuwa mtoto pekee wa muumini mwenzetu. Baba yake alimpa jina la Huda, yaani uongofu, neno ambalo msomaji wa Qur'ani hulikuta katika aya ya pili ya Suratul-Baqara. Karani aliyejaza karatasi ya kuzaliwa alidhani ametajiwa kifupisho, akaandika Nurulhuda kwa nia njema ya kumsaidia mzazi. Baba akaliona kosa, akalihesabu kuwa dogo, tena jina lenyewe lilikuwa zuri. Akaikunja karatasi, akaitia sandukuni. Shuleni mtoto aliandikishwa kwa jina alilolijua mwenyewe, Huda. Zamu ya kitambulisho ilipofika, mtu mwingine naye akalikata lile refu kwa upande wa pili, likabaki Nuru. Kwa miaka ishirini hakuna aliyeona tatizo.

Kisha baba akafariki. Kikao cha familia kikamteua ndugu wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama ikamthibitisha, na hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kwa mujibu wa aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa, binti pekee anapata nusu na mke thumuni, na mafungu matatu ya nane yanayobaki ni ya ndugu huyo kwa njia ya asaba. Kilichokuwa kigumu ni kumthibitisha binti. Katika fomu ya wategemezi aliyoijaza marehemu kazini kwake, mwanawe ni Huda. Katika cheti cha kuzaliwa, aliyezaliwa ni Nurulhuda. Aliyesimama dirishani na kitambulisho mkononi ni Nuru. Wote watatu walikuwa msichana mmoja mwenye buibui, aliyekuwa bado hajakauka machozi ya msiba.

Hatutamsahau ami yake. Kama binti asingethibitika, mjane angepata robo na yeye ami robo tatu nzima. Hakuhitaji kusema uongo wowote ili mali imfikie, kukaa kimya kungemtosha. Lakini yeye ndiye aliyekwenda kula kiapo kwamba majina matatu ni ya mtoto mmoja wa nduguye, na ndiye aliyeturudishia barua ya msikiti mara nne, kila mara akionyesha herufi tuliyoikosea, mpaka ikaandikwa sawasawa. Hata hivyo ilipita miezi saba kabla binti hajaishika haki yake, na muhula mmoja wa chuo ulimpita kwa kukosa ada. Na si kila yatima aliyejaaliwa ami wa namna hiyo.

Kijana alisikiliza hadi mwisho. Alipojibu hakusema tena habari za njia ya kati. "Basi nitaandika Muna," alisema. "Lakini mama anashikilia kuwa Muna si jina, ni kipande cha jina. Nitamjibu nini?"

Swali hilo lilistahili jibu la kielimu, na tunaliandika hapa kwa sababu si la nyumba moja. Wazazi wengi vijana wanapenda majina mafupi, na wengi wao hukutana na swali lilelile la kirefu: kwa wazazi wao, kwa walimu, kwa makarani, hata kwa wanaokuja kumpa mama hongera.

Kwanza tukiri kwamba bibi yetu ana sababu ya kuuliza. Sisi ni watu wa kukata majina. Abdallah kwetu ni Dula, Ramadhani ni Rama, Selemani ni Sele, Khadija ni Dija. Sikio lililolelewa hivyo, likisikia jina la silabi mbili lisilolizoea, hudhani mara moja kuwa limekatwa mahali, na huanza kukitafuta kipande kilichobaki. Ajabu ni kwamba hatuwafanyii hivyo watu wote. Nani amewahi kumuuliza Ali kirefu chake? Kwa Kiarabu jina hilo ni herufi tatu tu: ain, lam, ya. Umar ni herufi tatu. Hasan ni herufi tatu. Hatuyaulizi kwa sababu tumeyazoea, wala hakuna sababu nyingine.

Na Muna je? Mwenye kulifungua kamusi ya Kiarabu atalikuta katika shina la mim, nun na ya. Ni wingi wa neno munya, lenye maana ya tumaini au jambo ambalo moyo unalitamani. Kwa hiyo Muna ni matumaini. Maimuna halitoki huko kabisa. Shina lake ni ya, mim na nun, ambalo limetoa neno yumn, yaani heri na baraka, na Maimuna ni mwanamke aliyebarikiwa. Wengine humdhania Muna kuwa ni Munira, nalo lina shina la tatu, nun, waw na ra, shina la nuru. Majina haya matatu yanafanana kwa sauti katika Kiswahili chetu, lakini kwa Kiarabu hayana undugu. Anayemwandika Muna kuwa Maimuna hakurefusha jina la mtoto. Amemwondolea jina lake na kumpa la mtu mwingine, zuri sana, ila si lake.

Tuongeze hapa jambo moja lililotupendeza tangu tukiwa wanafunzi wa nahau chuoni. Majina ya kigeni katika Kiarabu, kama Ibrahim na Ismail, huzuiliwa tanwini. Msomaji wa Qur'ani hawezi kuyasikia yakiishia na "un" wala "in". Nuh na Lut nayo yamehesabiwa kuwa ya kigeni, lakini yanaipokea tanwini. Sababu waliyoitoa wanazuoni wa lugha ni wepesi wake: herufi tatu, ya katikati ikiwa na sukuni. Kwao ufupi wa jina haukuwa upungufu wowote. Ulikuwa sababu ya kulipa jina ruhusa ambayo jirani zake marefu hayakuipata.

Tukirudi kwa watu wenyewe, majina mafupi yamejaa katika kizazi cha kwanza cha umma huu. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Anas (r.a.) alimhudumia Mtume (s.a.w.) tangu udogo wake. Zaid bin Haritha (r.a.) ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani, katika aya ya 37 ya Suratul-Ahzab, na jina lake ni herufi tatu. Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.) jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hind.

Lakini dalili tunayoiona kuwa na uzito zaidi katika suala hili ni kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari, cha babu yake Said bin al-Musayyib. Mzee huyo aliitwa Hazn, neno lenye maana ya ardhi ngumu yenye mabonde na miinuko. Mtume (s.a.w.) alimtaka ajiite Sahl, yaani ardhi tambarare, nyepesi kupitika. Mzee akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake akaja kusimulia kwamba ule ugumu uliendelea kuonekana katika ukoo wao. Hebu tuyatazame majina hayo mawili kwa urefu wake. Hazn ni herufi tatu, na Sahl nalo ni herufi tatu. Mtume (s.a.w.) alipotaka kumbadilishia mtu jina, aliliangalia kwa maana yake, urefu wake haukuzungumzwa.

Hapa kijana alituuliza swali la haki: mbona basi sisi kila siku tunayakata majina ya wenzetu, ina maana ni dhambi? Hapana, si dhambi kwa jumla. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwita mkewe Aisha (r.a.) kwa kifupi, Aish, alipomfikishia salamu za Jibril (a.s.), nao wanazuoni wa lugha wana jina maalumu la ukataji wa namna hiyo, tarkhim. Alimwita Anas kwa Unais, na Abu Huraira kwa Aba Hirr. Kukata kwa mapenzi, mwenye jina akiridhia, ni jambo la upole wa nyumbani. Kilichokatazwa katika aya ya 11 ya Suratul-Hujuraat ni kuitana kwa lakabu za kuudhi.

Ila pana ukataji tusioweza kuunyamazia. Mtu ameitwa Abdurrahman, mja wa Mwingi wa Rehema. Watu wanamwondolea "Abdu", wanamwita Rahmani. Jina hilo ni la Allah (s.w.) peke yake, na halifai kwa kiumbe, hata kwa mzaha. Upande wa pili wapo wanaobaki na "Abdul" peke yake, ambalo maana yake ni "mja wa", kisha hakuna kinachofuata. Mja wa nani? Kwa hiyo mzazi anayejua kuwa mtaa wake unakata kila jina, akachagua tangu mwanzo jina fupi lililokamilika, sisi tunamwona ametumia busara. Jina la Muna halimwachii mkataji nafasi.

Jina fupi lina tahadhari zake pia. Jina refu likipotea herufi moja bado hutambulika. Abdurahmani mwenye r moja ni yuleyule. Jina fupi likipotea herufi moja huwa la mtu mwingine. Muna akiandikwa Mina, tayari ni jina la bonde la mahujaji nje ya Makka, na hata kwa Kiarabu, pasipo irabu, maneno hayo mawili huandikwa sawasawa. Huda akipungukiwa na herufi ya mwisho ni Hud, Nabii (a.s.). Saad na Said karani mwenye haraka huwachanganya kila siku. Mzazi wa jina fupi hana budi kuisoma karatasi kabla hajaondoka dirishani, wala asione haya kuirudisha.

Pia alijaribu jina kwenye masikio ya watoto wa Kiswahili. Zaid ni jina tukufu, lakini kwetu huongezewa irabu likawa Zaidi, na darasani hapatakosekana wa kumuuliza zaidi ya nani. Hind naye atatafutiwa mahindi. Hatusemi majina haya yaachwe. Tunasema mzazi ayajue mapema matani hayo, ili mtoto akirudi nyumbani analia apate wa kumwambia habari za Ummu Salama.

Tulipofika hapo kijana aliinuka akasema: "Ustadhi, haya yote kamwambie mama mwenyewe. Mimi hatanisikiliza."

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameeleza katika kitabu chake cha hukumu za mtoto mchanga, Tuhfatul-Maudud, kwamba wazazi wakihitalifiana juu ya jina, haki ni ya baba. Kwa hukumu hiyo kijana wetu angeweza kumaliza mambo kwa neno moja, na bibi asingekuwa na la kudai. Lakini haki ya kutoa jina ni jambo moja, na kumwacha mama yako na kinyongo siku ya akika ya mjukuu wake ni jambo jingine. Jioni ya siku ya sita tukaenda.

Tulimkuta bibi ameketi kwenye mkeka, mjukuu mapajani. Tukampa shikamoo, akatuitikia, akamwagiza mkwewe atuletee kahawa. Tukaanza na mashina ya maneno kama tulivyoyaandika hapo juu, tukaeleza Muna na Maimuna, tukawataja masahaba. Alitusikiliza kwa adabu. Tulipomaliza akasema: "Mwanangu, yote uliyosema nimeyakubali. Mimi sikugombana na ufupi wa jina. Maimuna ni mama yangu."

Mama yake alifariki akiwa yeye bado msichana, akazikwa Pangani. Alikuwa amezaa watoto, akaona wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa jina hilo. Aliposikia Muna alidhani hatimaye wamemkumbuka na kumkata tu kwa mapenzi, ndiyo maana aliuliza kirefu chake. Alitaka kulisikia likitamkwa. "Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja," alisema. "Kisha nikaambiwa halina kirefu."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Alimjua bibi huyo kwa masimulizi tu, naye maisha yake yote alimsikia akitajwa "bibi wa Pangani". Jina lake hakuwahi kulijua. Sisi tulikuwa tumeingia mle ndani na nahau na hadithi za Bukhari, na hatukuwa na la kuongeza.

Aliyeongea ni mkwe. Aliweka sinia ya kahawa chini, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akasema: "Mama, tungelijua. Aitwe Maimuna." Alisema kwa moyo mweupe, na tuliona kuwa lilikuwa limemgharimu. Tukasema letu moja tu: wakichagua Maimuna, awe Maimuna nyumbani na kwenye karatasi, wakichagua Muna, iwe vivyo hivyo. Chochote watakachochagua, kiwe kimoja.

Bibi alimtazama mtoto kwa muda. Akatuuliza tena maana ya Muna, kana kwamba mara ya kwanza alikuwa hakusikia. Tukamwambia, matumaini. "Basi mwacheni na matumaini yake," alisema. "Mmeshamwita hivyo tangu akiwa tumboni. Maimuna atakuja, Mungu akijaalia. Na huyo msije mkamkata."

Siku ya saba alichinjwa mbuzi mmoja, mtoto akanyolewa, na uzito wa nywele zake ukatolewa sadaka. Bibi ndiye aliyempakata, na kila mgeni aliyeinama kuuliza jina alijibiwa na yeye: Muna. Walikuwepo waliouliza kirefu chake. "Hana kirefu," alisema, akawaeleza na maana. Ami akajaribu tena mzaha wake: "Muna nini?" Bibi hakumpa nafasi. "Uani muna mbuzi anakungoja umchune," alimjibu, na safari hii mama wa mtoto alicheka kuliko wote.

Wiki iliyofuata kijana alichukua tangazo la kizazi walilopewa hospitali, akaenda kuomba cheti mapema bila kungoja siku 90 za usajili wa kawaida zikaribie kwisha. Karani akamuuliza kirefu chake ni kipi. Akamtajia herufi nne, moja baada ya nyingine, akabaki amesimama pale dirishani mpaka alipoziona zote zimeandikwa.